Umeme Uliopita Mbali na Lodwar: Turkana na Kisa cha Makaa ya Mawe ya Lamu

Mto Turkwel hupita kando ya mji wa Lodwar ukielekea Ziwa Turkana. Mbali upande wa juu, kabla haujashuka kwenye tambarare, mto huo hubanwa na genge la mawe mpakani mwa Pokot Magharibi na Turkana, na hapo ndipo serikali ya Kenya ilipojenga bwawa kati ya mwaka 1986 na 1991. Ukuta wake una kimo cha meta 153, na mitambo yake ina uwezo wa kuzalisha megawati 106. Fedha zilitoka Ufaransa, na ujenzi ukakabidhiwa kampuni ya Kifaransa, Spie Batignolles, bila zabuni ya ushindani. Jambo hilo lilizusha lawama kuhusu bei tangu siku za mwanzo. Bwawa lilipokamilika, umeme wake ulisafirishwa kwa nyaya kubwa kuelekea kusini hadi Lessos, katika nyanda za juu za Bonde la Ufa, ukaingia katika gridi ya taifa. Lodwar, mji unaokunywa maji ya mto huo huo, uliendelea kuwashiwa taa na jenereta za dizeli.

Kwa nini ikawa hivyo? Wahandisi hutoa jibu la hesabu. Laini ya umeme hugharimu fedha nyingi kwa kila kilomita, na mji mdogo uliozungukwa na malisho hauna viwanda vya kuzirudisha gharama hizo. Wanahistoria hutoa jibu jingine. Wakati wa ukoloni, Turkana ilikuwa wilaya iliyofungwa: mtu hakuingia wala kutoka bila kibali, na serikali iliiona kuwa mahali pa kuwaweka watu iliotaka wasahaulike. Jomo Kenyatta mwenyewe alifungwa Lokitaung, kisha akahamishiwa Lodwar mwaka 1959. Baada ya uhuru, Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo mahali penye mvua, ardhi yenye rutuba, barabara na reli, kwa hoja kwamba huko zingezaa haraka. Majibu haya mawili hayapingani, kwa kuwa la pili ndilo lililolizaa la kwanza. Mahali paliponyimwa barabara kwa miaka 60 hapawezi kuwa na viwanda, na mahali pasipo na viwanda hesabu ya mhandisi itapakataa kila inapopigwa.

Mwaka mmoja baada ya bwawa kukamilika, historia iliiletea Turkana mji mwingine. Vita vya Sudan viliwafukuza maelfu ya watu, wengi wao wakiwa wavulana waliotembea kwa miguu kutoka Ethiopia, na mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ikafunguliwa Kakuma, kwenye barabara itokayo Lodwar kwenda Lokichoggio. Ilikusudiwa kuwa ya muda. Wakaja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na Wasudani Kusini, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakaanza kupokea watu pembeni mwake. Hivyo mojawapo ya makusanyiko makubwa ya watu kaskazini mwa Kenya lilikua bila gridi. Ofisi za mashirika zilikuwa na jenereta zao. Wafanyabiashara sokoni walinunua jenereta ndogo na kuwauzia majirani umeme kwa waya. Na jikoni kulibaki kuni, ambazo zilikuwa chanzo cha ugomvi wa mara kwa mara kati ya wakimbizi na wenyeji Waturkana, maana miti katika nchi kame haiwatoshi wote.

Wakati huo huo, Kenya nzima ilikuwa ikijifunza somo chungu. Sehemu kubwa ya umeme wake ilitokana na mabwawa, hasa yale ya Mto Tana, na ukame wa mwaka 1999 hadi 2001 ulipoyakausha, serikali ililazimika kugawa umeme kwa zamu, viwanda vikasimama kwa saa nyingi, na mitambo ya dizeli ya dharura ikakodishwa kwa bei kubwa. Tangu hapo kila mpango wa nishati ulianza na swali moja: ni chanzo gani kisichotegemea mvua? Jibu la kwanza lilikuwa joto la ardhini la Olkaria. La pili lilikuwa upepo. Makaa ya mawe yalikuwa la tatu, na yalipata nguvu kwa sababu zilizohusu zaidi ramani kuliko nishati yenyewe.

Ramani hiyo ilizinduliwa Lamu tarehe 2 Machi 2012. Rais Mwai Kibaki, Waziri Mkuu wa Ethiopia Meles Zenawi na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini waliweka jiwe la msingi la mradi wa LAPSSET: bandari mpya Lamu, na kutoka hapo barabara, reli na bomba la mafuta kupitia Isiolo hadi Turkana, tawi moja likivuka kuingia Sudan Kusini na jingine Ethiopia. Kiwanda cha kusafisha mafuta kilitajwa, pamoja na miji ya kitalii, mmojawapo ukiwa ufukoni mwa Ziwa Turkana. Kabla mwezi huo haujaisha, kampuni ya Tullow ilitangaza kwamba kisima cha Ngamia-1, karibu na Lokichar kusini mwa Lodwar, kimepata mafuta. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru, Turkana ilionekana kwenye meza za wapangaji wa Nairobi kama chanzo cha mali. Inastahili kukumbukwa jinsi matukio haya mawili yalivyokaribiana, kwa sababu matumaini ya Lamu na matumaini ya Lokichar yalifungwa pamoja mwezi ule, na upande mmoja ulipolegea baadaye, mwingine nao ulitikisika.

Serikali mpya ya Uhuru Kenyatta iliingia mwaka 2013, na ilitangaza kwamba itaongeza zaidi ya megawati 5,000 katika muda wa miezi 40. Uwezo wa nchi nzima wakati huo ulikuwa kama megawati 1,700. Ili kufikia lengo hilo, kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 kingejengwa Kwasasi, bara ya Lamu, si mbali na bandari. Mahali hapo palichaguliwa kwa sababu makaa yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini hadi hapo yale ya bonde la Mui, Kitui, yatakapoanza kuchimbwa. Zabuni ilipewa muungano ulioongozwa na kampuni mbili za Kenya, Gulf Energy na Centum, uliounda kampuni ya Amu Power. Gharama ilikadiriwa kuwa dola bilioni 2.

Fedha nyingi zingetoka China, na hapa msomaji anahitaji kuelewa jinsi mikopo ya aina hii inavyofanya kazi. Nchini China kwenyewe, miaka ya ujenzi wa kasi wa vituo vya makaa ilikuwa inapita. Makampuni yalikuwa na wahandisi, viwanda vya mitambo na mashine zilizokosa kazi. Mwaka 2013 Rais Xi Jinping alitangaza mpango wa Ukanda na Njia, na benki za serikali zikawa tayari kukopesha miradi ya nje kwa sharti kwamba mkandarasi na mitambo vitoke China. Benki ya Viwanda na Biashara ya China, ICBC, ndiyo iliyokuwa ikitarajiwa kukopesha Lamu, na kampuni ya ujenzi ingekuwa Power Construction Corporation of China. Kwa nchi inayokopa, mpango huo ni mwepesi: mlango mmoja hutoa fedha, vifaa na mafundi. Uzito wake huja baadaye, katika mkataba wa kununua umeme. Kampuni ya usambazaji, Kenya Power, ingeilipa Amu Power malipo ya uwezo kwa miaka 25, umeme ukitumika au usitumike. Taasisi ya IEEFA, inayochunguza uchumi wa nishati, ilikadiria mwaka 2019 kwamba malipo hayo yangezidi dola bilioni 9 hata kama kituo kisingezalisha chochote.

Basi nani angeutumia umeme huo? Wapangaji waliwahesabu bandari, reli, kiwanda cha kusafisha mafuta na miji mipya ya njia ya LAPSSET. Lakini karibu wote hao walikuwa bado kwenye karatasi, na wengi wao walitegemea mafuta ya Lokichar, ambayo nayo yalikuwa yanasubiri bomba. Bei ya mafuta duniani ilianguka kuanzia mwaka 2014, na makampuni yakapunguza mwendo. Mafuta machache ya majaribio yalianza kusafirishwa kwa malori kwenda Mombasa mwaka 2018, wakazi wa Lokichar wakayazuia kwa muda wakidai usalama na mgao wao, na shehena ya kwanza ikaondoka Mombasa Agosti 2019. Bomba halikujengwa. Mahitaji ya juu kabisa ya umeme nchini yalikuwa bado chini ya megawati 2,000 mwaka huo. Kituo kilichokusudiwa kuwahudumia wateja wa kesho kilikuwa kinakaribia kujengwa, na wateja wenyewe hawajaja.

Lamu nako watu walikuwa wameuliza maswali mengine. Wavuvi waliuliza maji ya moto yatokayo kwenye mitambo yangefanya nini katika mikoko na matumbawe. Wakulima wa Kwasasi waliuliza kuhusu ardhi. Wengine waliuliza moshi na majivu yangefanya nini kwa Mji Mkongwe, ambao UNESCO iliutambua kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, NEMA, ilitoa leseni Septemba 2016. Wanachama wa Save Lamu, wakisaidiwa na mawakili wa Katiba Institute, walikata rufaa miezi michache baadaye katika Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, na kwa mujibu wa sheria ujenzi ulisimama wakati rufaa inasikilizwa.

Kusimama huko ndiko ninakokuona kuwa kitovu cha kisa chote, na njia bora ya kukielewa ni kutazama tena kaskazini, kwenye Ziwa Turkana. Zaidi ya asilimia 80 ya maji ya ziwa hilo huletwa na Mto Omo kutoka Ethiopia. Ethiopia ilianza kujenga bwawa la Gibe III juu ya mto huo mwaka 2006, na Waturkana wa ufukoni, wanaoishi kwa samaki na malisho ya pwani ya ziwa, walihofia kwamba maji yatapungua na mafuriko yanayorutubisha ukingo yatakoma. Ikal Angelei, mzaliwa wa jamii hiyo, aliunda shirika la Friends of Lake Turkana na kuzunguka akizishawishi taasisi za fedha. Alifanikiwa kwa kiwango ambacho wachache walitazamia: Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya hazikukopesha ujenzi wa bwawa hilo, na mwaka 2012 alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Hata hivyo bwawa lilijengwa. Mwaka 2010 ICBC, benki ile ile iliyokuja kutarajiwa Lamu, ilitoa mkopo wa mitambo, na Gibe III ilizinduliwa Desemba 2016. Mwaka 2018 UNESCO iliziweka hifadhi za Ziwa Turkana kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Watu wa ziwani hawakukosa hoja wala juhudi. Walichokosa ni mahali pa kuifikisha kesi kabla saruji haijamwagwa. Bwawa lilikuwa katika nchi nyingine, na mahakama ya Nairobi haikuwa na mamlaka ya kulisimamisha. Mwaka 2014 mahakama hiyo iliamuru serikali ya Kenya iweke wazi habari za makubaliano yake ya kununua umeme wa Ethiopia; ilikuwa haki, lakini haikupunguza kasi ya ujenzi hata kwa siku moja. Wavuvi wa Lamu walikuwa na Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na cha 69 kinaitaka serikali iwashirikishe wananchi, na walikuwa na mahakama iliyo karibu.

Mradi mmoja wa kando ya ziwa ulikamilika katika miaka hiyo, na nautaja kwa sababu uligeuza mizani. Ng'ambo ya ziwa, karibu na Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit, mitambo 365 ya upepo ilisimikwa, yenye uwezo wa megawati 310. Benki ya Dunia ilijitoa mwaka 2012 ikihofu kwamba Kenya ingelipia umeme isioweza kuutumia, na hofu hiyo ilitimia kwa namna yake: mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, laini ya kilomita 428 hadi Suswa ikachelewa baada ya mkandarasi wake wa Kihispania kufilisika, na serikali ikadaiwa mabilioni ya shilingi kwa umeme ambao haukusafiri. Laini ilipowashwa Septemba 2018, upepo wa Turkana ulianza kuwafikia watu wa Nairobi, wala si wa Lodwar. Kwa mjadala wa makaa, mradi huo ulithibitisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba Kenya inaweza kupata umeme mwingi bila mvua na bila makaa, na kwamba malipo ya umeme usiotumika si tishio la kubuni.

Hukumu ya Lamu ilitolewa tarehe 26 Juni 2019. Mahakama ilifuta leseni ya NEMA. Ilisema mikutano iliyofanyika na wananchi ilitangulia uchunguzi wa athari kwa mazingira, kwa hiyo watu waliulizwa maoni juu ya ripoti ambayo haikuwapo, na ripoti ilipokamilika hawakushirikishwa ipasavyo kuhusu yaliyomo. Ilisema pia kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 haikuzingatiwa. Mlango haukufungwa kabisa, kwani Amu Power iliruhusiwa kufanya uchunguzi upya kama ingetaka kuendelea. Kampuni ilichagua kukata rufaa.

Wakati rufaa ikisubiri, wenye fedha waliondoka mmoja baada ya mwingine. Novemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika ilisema haitaushika mradi huo. Septemba 2020 kampuni ya Marekani ya General Electric, iliyokuwa imekubali mwaka 2018 kununua hisa na kuleta teknolojia, ilitangaza kwamba inaacha biashara ya kujenga vituo vipya vya makaa popote duniani. Novemba 2020 ikathibitika kwamba ICBC imejitoa. Mwaka uliofuata benki hiyo ilikataa pia kukopesha kituo cha Sengwa nchini Zimbabwe. Misri ilikuwa imekwisha kuahirisha kituo kikubwa cha Hamrawein, kilichokuwa na wajenzi kutoka China. Septemba 2021 Rais Xi aliuambia Umoja wa Mataifa kwamba China haitajenga tena vituo vipya vya makaa nje ya nchi yake.

Kwa hiyo nani aliyekiua kituo cha Lamu? Wapo wanaosema ni wanaharakati na mahakama. Wapo wanaosema ni hesabu, kwa kuwa mahitaji ya umeme hayakukua. Wapo wanaoona kwamba uamuzi ulifanywa Beijing, na kwamba Lamu ilikuwa jina moja katika orodha ndefu. Mpangilio wa miaka unasaidia kuamua. Tamko la Xi lilikuja miaka miwili baada ya hukumu na karibu mwaka mmoja baada ya ICBC kuondoka, kwa hiyo haliwezi kuwa sababu ya kwanza. Hesabu mbaya ilikuwa inaonekana tangu mwaka 2015, na serikali haikuacha. Hesabu peke yake haikutosha. Kesi ya 2016 ndiyo iliyozuia ujenzi, na katika miaka mitatu ya kuzuiwa hesabu zilipata muda wa kuonekana na benki zilipata muda wa kubadili nia. Bila rufaa ile, inaelekea Kwasasi ingekuwa na msingi wa zege kabla ya mwaka 2018, na Wakenya wangekuwa wanalilipa deni lake leo. Gibe III inanipa ujasiri wa kusema hivyo, kwa maana huko benki za magharibi zilikaa kando, lakini hakuna mahakama iliyosimamisha kazi, na kazi ikamalizika.

Kwa Lodwar na Kakuma, kufutwa kwa kituo hakukuzima taa yoyote. Kilichofika huko kilikuja kwa njia nyingine, na kwa kiasi kidogo zaidi. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 500 uliosaidia kuweka lami kwenye barabara ya Lokichar, Lodwar, Kakuma hadi mpaka wa Sudan Kusini, ambayo madereva wa malori walikuwa wakiihofia kwa mashimo na majambazi. Mwaka 2017 benki hiyo iliidhinisha mradi wa KOSAP wa umeme wa jua kwa kaunti 14 zilizoachwa nyuma, Turkana na Lamu zikiwa miongoni mwake. Kalobeyei, kampuni ya Renewvia iliweka gridi ndogo ya sola inayouza umeme kwa wakimbizi na wenyeji kwa malipo ya awali. Friji za soda na vinyozi wakawa wateja wa mwanzo. Ni umeme mdogo. Lakini ulihesabiwa kuanzia kwa mtu anayeutumia, na hilo bwawa la Turkwel halikulifanya wala kituo cha Kwasasi.

Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi iliitupilia mbali rufaa ya Amu Power, na hukumu ya 2019 ikasimama. Mwaka huo huo Tullow iliuza mali yake yote ya Kenya, pamoja na mafuta ya Lokichar, kwa dola milioni 120 au zaidi. Mnunuzi ni Gulf Energy, mmoja wa waasisi wa Amu Power. Sheria ya Petroli ya 2019 imetenga asilimia 20 ya mapato ya serikali kutokana na mafuta kwa kaunti na asilimia 5 kwa jamii ya mahali yanapochimbwa, na mikutano ya wananchi itafanyika Turkana kama ilivyofanyika Lamu. Safari hii wazee wa Lokichar na Lodwar wana hukumu ya Lamu ya kuishika mkononi. Wanaweza kudai ripoti kamili ya athari iletwe kwanza, katika lugha wanayoielewa, na mkutano uitishwe baada ya wao kuisoma.